Kigingi cha Tobia

Tobia Shehoza alikuwa na maoni juu ya kila mti uliosimama Usambara, na mengi ya maoni hayo yalikuwa matusi. Msindano, alisema, ni mti usio na subira: umepandwa jana, leo unataka kuitwa mbao. Mkaratusi ni mlevi, unakunywa maji ya kijiji kizima na bado unaomba. Mwati aliuvumilia kwa sababu ya kuni. Lakini ukimtajia mkulo, alivua kofia. Mkulo ni mti wa msituni kwetu, mnene, mbao zake zinanukia kafuri, na mchwa akizionja anakwenda kumwonya mwenzake asijisumbue. "Huo ndio mti," alisema Tobia. "Hiyo mingine ni majani yaliyokosa adabu."

Nakueleza haya mapema ili usije ukaniuliza kwa nini mtu mzima, mzee wa kanisa la Kilutheri, baba wa watoto watano, alisimama mbele ya nusu ya kijiji akadanganya mchana kweupe. Alidanganya kwa ajili ya mkulo, na kwa ajili ya maji. Na kidogo, tuseme kweli tu, kwa sababu alipenda.

Kijiji chenyewe ni Kwemhanga, mgongoni mwa mlima chini ya msitu wa Magamba, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu unaingia mpaka jikoni na kuku wanapanda kulala saa tisa wakidhani jua limetua. Tobia alianza kuangusha miti pale akiwa hajaota ndevu, na sifa yake yote ilikuwa kwenye kigingi.

Kigingi ni hivi. Mwangushaji akishauzunguka mti, akautazama matawi, akapima shina kwa timazi, akasikiliza upepo, anahesabu hatua zake kutoka shinani, anapigilia kigingi ardhini na kusema, "Hapa." Neno moja tu. Aliye na mbuzi hapo amtoe, aliye na mahindi ayavune. Kisha anakata mdomo upande wa kigingi, anaingiza msumeno kwa nyuma, anagonga kabari, na mti unakwenda kukizamisha kigingi ardhini kama msumari. Usipokipata, watu hawakupigi wala hawakutukani. Wanacheka tu, mwaka mzima, kila ukinyanyua kata ya pombe.

Tobia hakuwahi kukosa. Mwaka wa hamsini na nane Bwana Miti wa Kizungu alikuja kukagua, akaona kigingi, akacheka kwa dharau. Tobia akamwambia kwa heshima zote, "Bwana, kama una shaka, tundika kitu." Yule Mzungu akatundika kofia yake. Toba! Kofia ilirudi Lushoto ikiwa bapa kama chapati, mwenyewe ameibana kwapani, kichwa wazi, pua nyekundu kwa jua. Miaka mitatu baadaye tukapata Uhuru, na wapo wazee Kwemhanga waliokuwa wakiapa kwamba Uhuru ulianzia siku ile.

Sasa, kigingi hicho Tobia hakukizua yeye. Alifundishwa na Hassani. Hassani alimzidi umri kwa miaka miwili na akili kwa zaidi ya hapo, na ndiye aliyekuwa mwenzake wa msumeno. Maana mti ukishalala kazi haijaisha, ndiyo kwanza inaanza. Mnachimba shimo refu kuliko mtu, mnalaza gogo juu yake, mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na ule msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yenu kutwa nzima. Mtu wa juu anafuata mstari, anapigwa na upepo, anasalimia wapita njia. Mtu wa chini anakula vumbi. Linaingia machoni, masikioni, kwenye kitovu. Anakwenda nyumbani mkewe hamjui.

Mapatano yao yalikuwa kubadilishana kila Jumatatu. Mapatano mazuri sana. Ila kila Jumatatu, Tobia alikuwa na mguu. "Mgosi, ndugu yangu, leo mguu unaniuma, siwezi kushuka shimoni. Juma lijalo." Juma lijalo mguu ukauma tena. Mguu ule uliuma miaka tisa! Siku za Krismasi ulipona, siku za harusi ulicheza ngoma mpaka alfajiri, Jumatatu ukauma. Mwisho, mwaka wa sitini na sita, Hassani akapanda kutoka shimoni katikati ya ubao, akajikung'uta, akasema, "Tobia, mguu wako ukipona, niite." Akachukua shoka lake, akahamia Magamba. Tangu siku ile hawakusemezana. Wakikutana sokoni Lushoto, mmoja alikuwa anakumbuka ghafla kwamba hajanunua chumvi upande wa pili.

Ilimuuma Tobia. Hakuwahi kusema, lakini ilimuuma kuliko mguu.

Basi ukaja mwaka wa sabini na nne, mwaka wa watu kuhamia vijijini. Sisi wa Kwemhanga hatukuhama, tulikuwa tumeshabanana mlimani. Tuliandikishwa tu tukaambiwa sasa ninyi ni kijiji cha Ujamaa, chagueni mwenyekiti. Tukamchagua Selemani, mtu mpole, mwenye tumbo na kikohozi, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akikataa jambo wala akilikubali. Na tukaletewa katibu, Timotheo, kijana wa Tanga mjini, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiamkia kila mzee bila kuruka, na alilima shamba la kijiji mpaka viganja vikamtoka malengelenge. Tatizo lake lilikuwa moja: alikuwa na haraka kama msindano.

Mgeni mkubwa wa mkoa alikuwa anatarajiwa mwezi wa kumi na mbili, na ofisi ya kijiji ilikuwa na kuta bila paa, bila milango, bila hata benchi la kumkalisha huyo mgeni. Ikaja barua kutoka juu: kijiji kijitegemee kwa mbao. Timotheo akaangaza macho, akaona mkulo mmoja tu uliobaki nje ya msitu wa serikali, mkubwa, watu wanne wakishikana mikono hawaumalizi. Bwana Miti akaja, akagonga nyundo ya serikali yenye muhuri shinani, pa! Mti ukishagongwa nyundo ni maiti inayosubiri kuzikwa.

Na mkulo huo ulisimama juu ya chemchemi.

Hapo ndipo penye shina la habari hii. Chemchemi ile inatoka kati ya mizizi ya mkulo, baridi mpaka meno yanauma. Kutoka pale unaanza mfereji, unapita kwenye vitalu vya kabichi na karoti vya kina mama, kikiwamo cha Yudith, mke wa Tobia, na ndiyo maji ya kunywa ya Kwemhanga yote. Tobia alikuwa amekwishaona mlima mwingine ulivyofanywa. Kwao mama yake, ng'ambo ile, mikulo iliangushwa yote enzi za Wajerumani, na chemchemi ikafifia, ikawa tope, ikawa jina tu. Mama yake alikulia kwenye kupanda mlima na mtungi kutoka bondeni, mara mbili kwa siku, mpaka shingo ikazama mabegani isitoke tena. Tobia alipomzika, alimkuta ni mfupi kuliko alivyomkumbuka. Akimtazama Yudith na debe lake, akimtazama bintiye Raheli, alikuwa anaogopa. Mtu asiyeogopa mti wa tani ishirini ukimlalia, aliogopa debe la maji.

Mkutanoni akasimama akasema. "Ndugu Katibu, mti huu ndio unaoilea chemchemi. Ukienda mti, yanakwenda na maji."

Timotheo akatabasamu kwa upole. "Mzee Tobia, kwa heshima. Maji yanatoka ardhini. Mti unatoka juu ya ardhi. Haya mambo ya mti kulea maji ni imani za zamani, na Chama kinatutaka tuondokane na ushirikina."

Ushirikina! Mzee wa kanisa! Tobia alikaa chini kwa sababu miguu ilikataa kumbeba, na safari hii haikuwa hila. Mwenyekiti Selemani akakohoa. Timotheo akauliza nani wa kuuangusha, na watu wote wakageuka kumtazama mtu mmoja, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Akajua akikataa ataitwa kupe na mpinga maendeleo, na wataletwa watu kutoka penginepo na msumeno wa petroli, na mti utalala vilevile. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Akanyanyuka. "Sawa, Ndugu Katibu. Kesho nauweka kigingi."

Sasa sikiliza vizuri mahali penyewe, maana hila yote ni mahali. Mkulo ulisimama ukingoni. Upande mmoja ni bonde, mteremko wa vichaka na mawe, hakuna nyumba wala banda. Upande wa pili, kwa juu kidogo, ni kijiji. Shina lilikuwa limenyooka wima. Mgeni akilitazama anaona nguzo. Lakini matawi mazito yote yalikuwa yamechungulia bondeni, kulikokuwa na mwanga. Mti wa namna ile, hata ukiukata na kisu cha mboga, unakwenda bondeni. Tobia alilijua hilo kabla hajafika shinani.

Alifika na kamati nzima nyuma yake, na nusu ya kijiji. Akauzunguka mti mara tatu. Akaning'iniza timazi. Akarusha majani makavu kuona upepo. Akaweka sikio shinani akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Kisha akaanza kuhesabu hatua, polepole, kupanda, kuelekea kijijini, watu wakimpisha, mpaka akaingia ndani ya ofisi mpya isiyo na paa. Akapigilia kigingi katikati ya sakafu.

"Hapa."

Timotheo akakitazama kigingi, akatazama kuta. "Mzee Tobia, hii ni ofisi."

"Ndiyo, Ndugu Katibu. Mtaingiza mbao zote kwa pamoja."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anapiga chafya. Timotheo akashauri mti uvutwe kwa kamba upande wa kushoto. Wazo zuri, akasema Tobia, wazo la msomi. Akarudi shinani, akapima upya, akahesabu hatua, akapita kwenye migomba ya mwenyekiti na kupigilia kigingi mbele ya mlango wa choo cha Selemani, choo kipya, ambacho mkewe Mwanahawa alikuwa amekiomba kwa miaka minne. Mwanahawa akatoka na mwiko mkononi. "Mwe! Tobia! Nani amekufa?" "Bado, mke wa mwenyekiti," akamjibu. "Ila jioni usiingie bila kukohoa."

"Kulia basi!" akasema Timotheo, jasho linamtoka.

Kulia kigingi kikaingia kilabuni kwa Tatu, katikati ya mitungi ya boha, pombe ya miwa iliyokuwa imeanza kuchemka vizuri kwa ajili ya Jumamosi. Hapo ndipo kijiji kiliponyanyuka. Watu waliokaa kimya kuhusu maji, kuhusu ofisi na kuhusu choo cha mwenyekiti, walikumbuka wote kwa pamoja kwamba wana haki ya kusema. Tatu mwenyewe alisimama mlangoni mikono kiunoni, akasema mti utakaoingia humu utalipa kama watu wengine.

Timotheo hakuwa mpumbavu. Akauliza swali ambalo Tobia alikuwa akiliombea lisiulizwe. "Na bondeni? Kwa nini usiuangushe bondeni?"

Miaka ishirini na minane ya vigingi vya kweli ilikuwa mdomoni mwake Tobia. "Huko haukubali," akasema. "Mizizi ya juu imeshika. Inaurudisha huku."

Selemani akakohoa. Wanaume waliokuwa na shoka mabegani wakatazama mashoka yao kana kwamba ndiyo wameyaona leo. Tobia akaona moyoni: wameamini. Jina langu limewatosha. Akaona raha, kisha papo hapo akaona haya.

Timotheo akaandika, akafunga daftari. "Vizuri. Lakini kwa jambo zito kama hili lazima tupate fundi wa pili athibitishe. Nani mwingine anajua kigingi?"

"Yuko Hassani wa Magamba," akasema Selemani, taratibu. "Ila hawapatani na Tobia. Hawasemezani mwaka wa nane huu."

"Ndiye huyo huyo," akasema Timotheo. "Hatamwonea haya. Aje keshokutwa."

Nyumbani Tobia alikaa jikoni hakugusa bada, ugali wake wa muhogo. Yudith, ambaye alikuwa amesikia yote akiwa chemchemini, alikuwa anamenya viazi bila kumtazama.

"Njia ya mwongo ni fupi, Baba Raheli."

"Nimefanya kwa ajili yako, wewe na debe lako!"

"Najua. Na ndiyo maana sikukucheka pale mbele za watu." Akamwaga maganda. "Kesho nenda Magamba. Usimwombe akusaidie uongo. Mwombe msamaha. Ulimkalisha shimoni miaka tisa, Tobia. Miaka tisa! Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea maji ya kunawa, namjua macho yake yalivyokuwa."

Kesho yake Tobia akatoka mapema na fimbo. Alifika mpaka pale barabara inapoingia msituni, mahali penye giza na mbega wengi, akasimama. Akafanya mazoezi ya maneno. "Mgosi, nisamehe." Yalikuwa maneno mepesi na hayakutoka. Mbega mmoja alikuwa anamtazama kutoka juu na ndevu zake nyeupe, akaona hata huyo anafanana na Hassani. Akageuka akarudi nyumbani.

"Umefika?" akauliza Yudith.

"Mguu uliniuma."

"Mguu ule ule?" akasema Yudith, na siku nzima hakumsemesha tena.

Hassani alikuja siku iliyopangwa, kanzu safi, kofia ya kufuma, jicho la kushoto jekundu daima kwa sababu ya vumbi la zamani. Aliwasalimia wote. Hata Tobia alisalimiwa sawasawa na mtu yeyote, kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea kati yao. Timotheo akamwamkia, akamwambia, "Mzee wangu, sema kweli bila kumwogopa mtu."

"Mimi?" akasema Hassani. "Nimwogope nani, na mama yangu amekwishafariki?"

Hakuuzunguka mti mara tatu. Alisimama mara moja tu, akanyanyua uso, akatazama matawi yaliyochungulia bondeni. Mwangushaji yeyote angeona. Kisha akashusha macho polepole mpaka yakafika kwa Tobia, akamtazama kwa muda mrefu, na Tobia akajua kwamba hii ndiyo hukumu. Sio ya mti tu. Huyu mtu akisema neno moja, "bondeni", chemchemi imekwenda, jina limekwenda, na watoto wake wataitwa watoto wa mwongo mpaka Kiama. Alitamani kusema pale pale mbele za watu lile neno lililomshinda msituni, lakini Hassani hakumngoja.

Hassani akaomba kigingi. Akaanza kuhesabu hatua. Alikwenda kupanda! Akapita migomba ya mwenyekiti. Akafika kwenye kigingi cha Tobia mbele ya choo, akakitazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akakipita. Watu wakashangaa. Akaendelea mpaka kwenye ukuta wa nyumba ya Selemani, akagonga dirisha la chumbani kwa heshima, akauliza, "Kitanda kiko upande huu?" Mwanahawa akajibu ndiyo. Akapigilia kigingi chini ya dirisha, kwa mapigo matatu.

"Tobia amekosea," akasema kwa sauti. "Hatua kumi na mbili. Hauishii chooni. Mwenyekiti, utaamka na mkulo ubavuni."

Kijiji kikaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika Lushoto. Selemani hakucheka. Alisimama, akavuta koti, na kwa mara ya kwanza tangu tumchague akatoa hotuba. Alisema kwamba mafundi wawili wasiopatana wamekubaliana, na hilo si jambo dogo. Alisema kwamba serikali yetu haikupata Uhuru ili mwenyekiti alaliwe na mti. Na akasema kwamba zaidi ya hayo, mti huo unalinda chanzo cha maji, jambo ambalo yeye alikuwa amelitafakari kwa muda mrefu. Timotheo akaandika yote, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, juma lile lile akateremka Lushoto, akarudi na kibali cha kupata misindano kutoka shamba la serikali badala ya mkulo.

Watu walipotawanyika Tobia akamfuata Hassani chini ya mti.

"Mgosi."

"Naam."

"Umeniokoa. Sijui nikulipe nini."

Hassani akapangusa jicho lake jekundu kwa pembe ya kanzu. "Misindano inakuja. Itahitaji kupasuliwa. Mimi sina mwenzangu, na wewe huna. Nitarudi kwenye shimo. Ila juu nakaa mimi. Mpaka mguu wako upone kabisa."

Tobia akataka kucheka, akaona mwenzake hacheki. Basi akashuka. Mtu aliyekuwa akisalimia wapita njia akawa hawaoni, anasikia tu viatu. Na si vumbi la mkulo lenye kunukia, la! Vumbi la misindano, lile lile alilolitukana maisha yake yote, na utomvu wake unaonata ndevuni kama ugomvi. Ofisi ikapauliwa, mgeni akaja akala karoti za Yudith akaondoka, wao wakaendelea: madawati ya shule, milango ya zahanati, meza za kijiji jirani. Kila Jumatatu Tobia alishuka bila kuuliza. Na kigingi hakukiweka tena. Mtu akija kumwita aangushe mti, alikuwa akisema, "Mwulizeni Hassani, mimi nimezeeka macho." Hakuwa amezeeka macho. Alikuwa amekitumia kigingi kwa uongo, na alijisikia kama mtu aliyechotea tope kwa kikombe cha Meza ya Bwana.

Ilikuwa hivyo miaka saba.

Mwaka wa themanini na moja, adhuhuri moja ya jua kali, Tobia alikuwa ameinama chemchemini ananawa uso. Maji yalikuwa yanatoka kati ya mizizi ya mkulo kama siku zote. Akaja Selemani na mkongojo, siku hizo si mwenyekiti tena, na kikohozi chake kimekua kikubwa kuliko yeye. Akaketi juu ya mzizi, akanywa kwa kata, akapumua.

"Matamu," akasema. "Tobia, sijawahi kukushukuru."

"Kwa lipi, mzee?"

"Kwa uongo wako."

Tobia akabaki na maji viganjani. Yakachuruzika kati ya vidole.

"Ala! Ulidhani sikujua?" akasema Selemani. "Mimi ni Mshambaa. Nimezaliwa kwenye mteremko, nimekata kuni kwenye mteremko. Mti umebeba matawi yote bondeni, halafu mtu aniambie utaanguka kupanda mlima uje unitafute chooni? Kila aliyekuwapo alijua. Hata Tatu alijua. Asiyejua alikuwa kijana wa Tanga peke yake, maskini, kwao hakuna mlima."

"Mlijua," akasema Tobia. "Wote."

"Barua ilikuwa imetoka juu. Mwenyekiti akikataa, ni siasa. Fundi akisema haiwezekani, ni ufundi. Nilikuwa nakohoa pale nikimwomba Mungu upate akili ya kudanganya. Ukachelewa kidogo, lakini ukaipata."

"Kwa hiyo hamkuwahi kukiamini kigingi changu?"

"Tulikiamini sana. Ndiyo maana tulijua huwezi kukikosea kiasi kile."

Tobia akakaa chini kwenye tope. Alisikia kitu kizito cha miaka saba kinamtoka kifuani, akataka kulia, na angelia kweli kama wazo jingine lisingemjia.

"Na Hassani?"

"Hassani? Nilimwendea Magamba mimi mwenyewe, usiku wa kuamkia siku ile. Nikamweleza. Akasema usijali, hata bila kuniambia ningefanya hivyo hivyo, maji ni maji. Kwani hakukwambia?"

Tobia hakungoja kumjibu. Alipanda ule mteremko kwa miguu yote miwili, mizima, mbio, mzee wa miaka hamsini na tano, utomvu ndevuni, mpaka shimoni. Hassani alikuwa ameketi juu ya gogo anatia msumeno makali kwa tupa, anapigwa na upepo, anamsalimia mama mmoja apitaye na kuni.

"Mgosi! Ulijua!"

"Nilijua nini?"

"Ulikuwa umeshakubali! Kabla hujafika! Nimekula vumbi miaka saba bure!"

Hassani akasimamisha tupa. Akafikiri. "Si bure," akasema. "Bado miwili."

Tobia akahesabu. Tisa kutoa saba. Akatazama lile jicho jekundu, na lile neno lililomshinda msituni mbele ya mbega likatoka lenyewe, bila mazoezi.

"Nisamehe, Hassani. Mguu ule haukuwahi kuuma."

"Najua," akasema Hassani. "Nimekusamehe siku nyingi."

"Basi shuka, leo tubadilishane."

Hassani akaunyoosha mguu wake wa kulia juu ya gogo, akaukanda gotini taratibu, uso umekunjamana kwa maumivu makubwa.

"Ningeshuka, mgosi," akasema. "Ila leo umeamka vibaya. Labda juma lijalo."

Tobia akacheka mpaka akashika gogo. Kisha akavua shati, akashuka shimoni.